Mama, Usiwaoneshe Tena Ile Video

Makambako,
Ijumaa mchana

Mama yangu,

Shikamoo, na amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya kila aliyelala chini ya bati letu. Goti lako linasemaje? Kaka Hamza aliniambia umeanza tena kupanda kule shambani kuangalia machungwa, na mimi nikamwambia amkataze Mama, akacheka akasema nani wa kumkataza Mama. Pole kwa mvua zilizobomoa choo. Nimefurahi kusikia fundi amekwisha anza.

Sisi huku hatujambo. Baridi imeingia kwa nguvu, asubuhi ukungu unafika mpaka mlangoni, na kanga mbili hazitoshi tena, navaa koti la Salimu ndani ya nyumba kama mlinzi. Salimu ni mzima. Ndiye aliyekuletea bahasha hii, maana safari hii anashusha mbao Tanga, nikamwomba akukabidhi mkononi mwako wewe na si mtu mwingine.

Najua utashangaa kwa nini mwanao anayeshinda kwenye kompyuta amechukua kalamu. Mama, wewe ukipokea simu unaweka sauti kubwa ili shangazi Mwanaidi asikie, na wifi asikie, na jirani akipita naye asikie. Haya ninayotaka kukwambia siwezi kuyasema kwa sauti kubwa. Isome peke yako kwanza. Ukimaliza, utaamua mwenyewe nani aambiwe.

Ni kuhusu ile video.

Siku ile uliponipigia ukasema umeiona, kwamba imefika Muheza, na kwamba mwalimu wa madrasa aliitaja mbele ya watu na akaniombea dua, na wewe ukawa unalia na kucheka kwa pamoja, mimi nilikata simu. Kisha nikakutumia ujumbe kwamba mtandao unasumbua. Mtandao haukusumbua. Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda naona aibu.

Ngoja nikueleze toka mwanzo.

Unajua kazi yangu, ingawa najua huwa unawaambia watu kwamba natengeneza kompyuta. Sitengenezi kompyuta, Mama. Natengeneza tovuti. Mtu ana duka, au hoteli, au mabasi, anataka watu wakifungua simu zao waone habari zake, mimi ndiye ninayezipanga: picha ikae wapi, maandishi yawe makubwa kiasi gani, mtu akibonyeza hapa apelekwe wapi. Nina fremu yangu ndogo ya biashara karibu na stendi, na wateja wanatoka Makambako hapa na Njombe mjini.

Kazi hii ina mitindo yake kama vitenge. Mwaka huu watu wanataka hivi, mwakani vile. Siku hizi mtindo ni kila kitu kicheze. Mteja anakuja na simu mkononi, ananionesha tovuti ya hoteli ya Dubai, anasema, "Dada Zuhura, nataka kama hii." Basi unamwekea video kubwa inayojaza kioo, maandishi yanayojitokeza yenyewe kama moshi, picha zinazoteleza. Nami, Mama, nisiseme uongo, si wateja tu wanaopenda. Napenda mwenyewe. Napenda wenzangu wa kazi waone.

Njombe kuna kliniki moja ya macho. Daktari wa kupasua hakai pale, anatoka mbali, na zamani alikuwa akija kila Alhamisi. Meneja wa kliniki aliniita akaniambia shida yake ni moja: daktari anabadilisha siku, wagonjwa wanatoka mbali, Makete huko, Ludewa huko, na simu ya mapokezi inalia kutwa nzima. "Nataka tovuti," alisema, "mtu ajue siku ya daktari kabla hajatoka kwake."

Ndicho alichokitaka, Mama. Mtu ajue siku ya daktari. Sentensi moja.

Mimi nikamtengenezea sinema. Nilimwita kijana mwenye kamera ya kuruka, akapiga mashamba ya chai kutoka juu, ukungu unapanda, jua linachomoza. Nikaweka hiyo iwe ya kwanza. Ikipita, jina la kliniki linakuja taratibu, herufi kwa herufi. Kisha picha za mashine. Kisha watu wanaotabasamu. Ratiba ya daktari nikaiweka chini kabisa, nayo inajitokeza pole pole ukifika pale. Kwenye simu yangu mpya na intaneti ya ofisini ilikuwa inateleza kama maji. Meneja alisimama akapiga makofi.

Nikaitupia kwenye grupu letu la watengeneza tovuti. Walinimwagia alama za moto mpaka nikachoka kuzisoma. Mmoja tu, mtu mzima wa siku nyingi katika kazi hii, aliuliza, "Na kwenye simu ndogo yenye bando dogo la intaneti inafunguka?" Nilimjibu kwa kile kikatuni cha mtu anayecheka mpaka anaanguka. Wengine wakacheka, naye hakuuliza tena.

Baada ya hapo kliniki wakaacha kupokea zile simu za kuulizia. Mtu akipiga, anaambiwa kila kitu kipo kwenye tovuti.

Sasa ilikuwa Alhamisi, nimekwenda Njombe kupiga picha ya mashine mpya ili niiongeze. Nafika getini nakuta mama mtu mzima amesimama, macho yake meupe, ameshikwa mkono na mwanamke wa umri wangu. Viatu vyao vina udongo wa safari. Walitoka Matamba kule Makete, wakateremka Chimala, wakapanda gari la kuja Makambako, wakalala stendi, alfajiri wakaja Njombe. Mlinzi anawaeleza.

"Daktari wa kupasua hayupo wiki hii. Siku zimebadilika. Ipo kwenye tovuti."

"Kwenye nini?" yule mama akauliza.

"Mtandaoni, mama. Kwenye simu."

Yule mwanamke mdogo, ambaye ni mke wa mwanawe na jina lake Tumaini, akasema, "Niliifungua, kaka. Nilipanda mpaka pale juu kwenye mtandao mzuri nikaifungua. Ilizunguka mpaka bando likakata. Nikanunua jingine, nalo likakata. Nikasema basi, Alhamisi ni Alhamisi, twende."

Nilimwomba ile simu. Ilikuwa simu ndogo, kioo kimepasuka pembeni. Nikafungua ile tovuti yangu mwenyewe. Kioo cheupe. Kiduara kinazunguka. Nikamrushia intaneti ya simu yangu, bado kinazunguka. Tulisimama pale watu wanne tunasubiri kiduara. Mwishowe picha ikaja, inakwama, inasogea, inakwama.

"Kimetokea nini?" mama akauliza.

"Chai, mama," Tumaini akamjibu.

"Chai?"

"Mashamba ya chai. Yanaonekana kutoka juu."

Yule mama akafikiri kidogo. "Mimi nimekuja kuulizia daktari," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayedhani amekosea mlango. Mlinzi akacheka. Na mimi, Mama, nilicheka pamoja na mlinzi. Sijui kwa nini. Mdomo ulicheka wenyewe.

Daktari alikuwa anakuja Alhamisi inayofuata. Kurudi Matamba na kuja tena wasingeweza, Tumaini alikuwa anahesabu nauli ndani ya kitambaa. Nikawaambia, "Twendeni kwangu, mtakaa mpaka siku ya daktari." Tumaini akaniangalia. Yule mama akauliza, "Wewe ni nani?" Nikasema, "Mimi ni mpita njia tu." Ndivyo nilivyomjibu, Mama, na kamera iko shingoni.

Anaitwa Mama Tweve. Ungempenda. Siku ya kwanza tu aliuliza kibla kiko upande gani, nikadhani anauliza kwa kutaka kujua, kumbe hakutaka kunipitia mbele nikiwa naswali. Haoni, lakini alikuwa akimenya viazi kwa vidole, ganda jembamba kuliko langu. Jioni wakizungumza Kikinga, lugha ya kwao, na mkwewe, mimi nasikia jina langu tu humo ndani, Zuhura, Zuhura, na najua wananisifu, kwa sababu Tumaini akimaliza ananitazama kwa macho ya kushukuru.

Kila nilipotaka kusema, maneno yalikataa. Nilijiambia, nimewapa kitanda, nimewapa chakula, yatosha, kwa nini niwaharibie? Nilikuwa najidanganya. Nilipenda kusifiwa hata nilipokuwa naona aibu ya kusifiwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi nikilikumbuka.

Sasa jirani yangu Mwajuma, yule anayeuza mitumba, uliongea naye kwenye simu sikukuu iliyopita, alikuja kukaa barazani. Akamuuliza Mama Tweve amefikaje kwangu. Mama Tweve akanishika mkono, akaanza: "Mtu huyu hanijui, hatuna undugu, wala dini si moja. Amenikuta nimekwama getini akanichukua kama mama yake." Sikujua Mwajuma anarekodi. Akaiposti. Akaweka na muziki wa huzuni.

Asubuhi yake niliamka nikakuta nimekuwa mtu mwingine. Magrupu ya Makambako, ya Njombe, ya mabasi, ya watu wa Makete walioko Dar. "Dada wa Makambako." "Binti mwenye moyo." Nikienda sokoni naongezewa nyanya. Madereva wenzake Salimu walimpigia njiani kumpongeza kwa kuoa vizuri. Kisha ikakufikia na wewe.

Nilimwomba Mwajuma aiondoe. Akanishangaa. "Watu wanakupenda, wewe unataka wakuchukie?" Na hata angeiondoa, ilikwisha toka mikononi mwake, kila mtu anayo.

Kilichonivunja ni simu ya meneja. Alipiga akiwa na furaha. "Zuhura, kumbe ni wewe! Na yule ni mgonjwa wetu! Hiyo video iweke ukurasa wa mbele, badala ya ile ya chai. Watu watalia." Nikasema nitaangalia. Nikakata simu, nikamwona Mama Tweve amekaa kwenye mkeka anachambua mchele kwa kuupapasa, na nikaelewa ninachoombwa: nimchukue yeye, nimweke mlangoni, ili mgonjwa mwingine wa Matamba azungukiwe na kiduara akisubiri kuona jinsi nilivyo na huruma.

Nilifungua kompyuta pale pale mezani. Nikatoa chai. Nikatoa ukungu na herufi za moshi na picha zote. Nikaweka maandishi matupu, meusi juu ya meupe: siku za daktari, namba ya simu, kliniki ilipo. Ilikuwa kazi ya muda mfupi sana, Mama, nikapata aibu kwa ufupi wake pia. Kisha nikamwomba Tumaini simu yake. Akafungua. Ilitokea papo hapo, kabla hajashusha kidole.

"Eh!" akasema. "Kumbe inawezekana."

Kisha akaniangalia mimi, akaangalia kompyuta, akaniangalia tena. "Wewe ndiye mwenye hii?"

"Ndiyo."

"Na ile ya chai?"

"Na ile ya chai."

Aliweka simu chini, akamgeukia mama mkwe wake, akamweleza kwa Kikinga. Yalikuwa maelezo marefu. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sebule yangu kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha, Mungu anisamehe, nilikuwa nimekwisha uona unakuja.

Mama Tweve akauliza kitu kimoja tu, na akauliza kwa Kiswahili ili nielewe mwenyewe.

"Na wenzangu walilala wapi?"

Sikuelewa. Akarudia, "Mimi nimelala kwako. Wale wengine walioulizia daktari wakaoneshwa chai, walilala wapi?"

Mama, sikuwa nimewafikiria hata mara moja. Nilikuwa nimeshughulika na aibu yangu kana kwamba dunia nzima mgonjwa ni mmoja.

Kesho yake nilikwenda Njombe kumuuliza mlinzi. Alisema, aa, walikuwepo, wengi tu. Wengine walirudi siku ile ile. Mapokezi hawakuandika majina wala namba, maana hawakuwa wamehudumiwa. Nikaingia kwa meneja. Alikuwa amekwisha iona tovuti mpya na amefura. "Umenitengenezea tangazo la ukutani! Nimekulipa kwa tangazo la ukutani?" Nikamwambia aifungue kwa simu ya mlinzi. Hakutaka. Nikamwambia nitampa nyingine ya kupendeza lakini nyepesi, ila siku za daktari zitabaki juu, na simu ya mapokezi ipokelewe. Tulivutana sana. Mwishowe alikubali, lakini kazi nyingine za kwake na za rafiki zake najua nimezikosa. Salimu anajua. Alisema, "Sawa," akanyamaza, na kunyamaza kwake nilikustahili.

Nilikwenda redio ya hapa, wakatangaza kwa siku kadhaa kwamba waliokwenda wakamkosa daktari warudi, na siku zenyewe ni hizi. Kisha nikajirekodi mwenyewe. Bila muziki. Nilisema, mimi ndiye niliyetengeneza ile tovuti, yule mama alikwama kwa sababu yangu, msinisifu. Nikaiposti. Wameitazama majirani na watu wachache, wawili wametukana, mmoja kaandika kwamba unyenyekevu wangu umezidi. Ile video ya sifa bado inazunguka. Jana tu mtu amenitumia kutoka Songea.

Kwa hiyo nakuomba, Mama, usiwaoneshe tena. Najua umeihifadhi. Najua uliionesha mpaka kwa muuza samaki. Mwalimu wa madrasa mwambie kweli, kwamba ile dua asiifute lakini aielekeze kwa wale niliowarudisha njiani. Ikiwa ni vigumu kwako kusema, niachie, nitakuja mwenyewe nikae mbele yao niseme. Sitaki wewe ubebe aibu ambayo si yako.

Mama Tweve alipasuliwa jicho moja, la pili watalifanya baadaye. Walipomfungua bandeji nilikuwa mlangoni, naogopa kuingia. Akaniita. Akanitazama sana, karibu, mpaka nikasikia pumzi yake.

"Kumbe ni mtoto," akasema. "Kwa sauti nilidhani ni mtu mzima, nikaona haya kukukaripia."

Halafu akanikaripia. Kwa Kikinga, kwa kirefu, kidole hewani. Nilimuuliza Tumaini anasemaje, Tumaini akatikisa kichwa akakataa kutafsiri. Wauguzi walikuwa wanacheka na mimi nilikuwa nalia. Nilikuwa nalihitaji hilo karipio, Mama, kuliko sifa zote. Alipomaliza alinishika mkono nikampeleka mpaka kwenye gari.

Wamekwisha rudi Matamba. Amesema jicho la pili likifika siku yake atakuja kulala kwangu, na kwamba viazi vya Makambako ni vya kulishia nguruwe, ataleta vyake. Nimemwambia nguruwe huku kwangu hakuna. Akacheka.

Waliokosa daktari, wamerudi baadhi. Mama mmoja kutoka Ludewa alisema alisikia redioni. Lakini mlinzi ananiambia kuna mzee mmoja hamtoki akilini, alitoka upande wa Lugarawa kule Ludewa, amevaa koti la kahawia, ameongozwa na binti yake. Walipoambiwa daktari hayupo, yule mzee alimwambia binti, "Basi, tusisumbue watu tena," wakageuka. Hakuna anayejua jina lake. Nimeuliza hospitali ya misheni huko, nimeuliza madereva wa magari ya Ludewa. Mzee mwenye koti la kahawia, katika baridi hii, wako wangapi?

Siku za daktari sasa nafunga fremu, nakwenda kukaa pale getini na mlinzi tangu asubuhi. Natazama wanaoshuka kwenye magari. Hajaja.

Nisalimie Kaka Hamza na umwambie asikupandishe shambani. Nisalimie wifi, na mtoto mchanga ambaye sijambeba bado. Shangazi Mwanaidi mwambie namkumbuka, na kama umeamua kumsomea barua hii, basi nisalimie hata masikio yake. Bibi mzaa baba mbusu mkono kwa niaba yangu. Mwalimu wa madrasa mpe salamu zangu za heshima, pamoja na ule ujumbe.

Salimu atakupa mfuko wa parachichi na sweta niliyokufumia. Ukiwa na jibu, mpe yeye, hata kama ni karipio. Hasa kama ni karipio.

Ni mimi mwanao,
Zuhura